Kabla Minara ya Upepo Haijasimama Singida

Umeme unaowasha taa za Upanga, hapa Dar es Salaam, hautoki Upanga. Ukiacha jenereta zinazonguruma mbele ya maduka ya Kariakoo siku za mgao, kila uniti tunayonunua kwa LUKU imesafiri kwa nyaya kutoka mahali pengine: gesi ya Songo Songo na Mtwara inayochomwa Ubungo na Kinyerezi, maji ya Mtera, Kidatu na Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Huku mjini tunaijua bei ya uniti. Gharama iliyolipwa na mto, samaki, chura au ndege huko umeme ulikofuliwa haiandikwi kwenye risiti, ndiyo maana hatuizungumzi.

Upepo nao sasa unaingia kwenye hesabu hiyo. Huko Mufindi, mkoani Iringa, mitambo 3 ya Mwenga yenye jumla ya megawati 2.4 ilianza kufua umeme mwaka 2020, ikawa shamba la kwanza la upepo nchini. Macho ya wawekezaji, hata hivyo, yako Singida na Makambako, ambako vipimo vimeonyesha wastani wa upepo unaozidi mita 8 kwa sekunde, na miradi inayotajwa huko ni ya megawati 100 hadi 300. Hoja ya kuitaka miradi hiyo ni nzito. Nchi inayotegemea mabwawa huingia gizani mvua zikikosekana, kama tulivyoona mwaka 2022 na tena 2023, na upepo wa nyanda hizo huvuma kwa nguvu zaidi wakati wa kiangazi, mito inapokuwa imepungua. Muuza samaki wa Kariakoo ambaye mzigo wake umewahi kuharibika kwenye friji iliyozimika hahitaji kuelezwa maana ya jambo hili.

Je, mitambo hiyo itawafanya nini ndege, popo na viumbe wengine? Naweka msimamo wangu wazi mapema. Nautaka upepo wa Singida. Ila siutaki kabla hatujajua nani anaruka katika anga ya Singida, lini, na kwa kimo gani.

Kwanza, ukweli usiopendeza: mitambo ya upepo huua ndege. Panga la mtambo likitazamwa kwa mbali huonekana likizunguka polepole kuliko pangaboi la sebuleni. Macho yanadanganya. Mitambo ya Kipeto nchini Kenya, kwa mfano, ina mapanga yanayochora duara lenye kipenyo cha mita 103, na kwa mitambo ya ukubwa huo ncha ya panga hukata hewa kwa mwendo wa kilomita 250 hadi 300 kwa saa. Ndege akishaingia kwenye duara hilo, nafasi ya kukwepa ni ndogo.

Wangapi hufa? Afrika Kusini, iliyotutangulia kwa mbali katika kujenga na katika kuhesabu, ilitoa mwaka 2017 matokeo ya ukaguzi wa mashamba 8: wastani wa ndege 4.1 kwa kila mtambo kwa mwaka, baada ya kurekebisha hesabu kwa mizoga iliyoliwa au isiyoonekana. Nchini Marekani, makadirio ya mwaka 2013 yalisema mitambo ya upepo huua ndege kati ya 140,000 na 328,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo, utafiti mwingine ulikadiria kwamba paka wa Marekani peke yao huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4. Watetezi wa upepo wanaipenda sana hesabu hii ya paka. Ukiwauliza kuhusu tai, watakujibu kwa paka.

Hesabu hiyo ni ya kweli lakini haijibu swali. Paka hakamati tai. Katika mizoga iliyookotwa Afrika Kusini, zaidi ya theluthi moja ilikuwa ya ndege wawindaji, yaani mwewe, tai na jamaa zao, ambao ni wachache sana kuliko shomoro na njiwa. Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Njiwa hutaga mara kadhaa kwa mwaka; wakifa mia, msimu ujao wamerudi. Tumbusi hutaga yai moja, huchukua miezi mingi kulea kinda, na kinda hilo halitaanza kuzaa mpaka lipite miaka kama mitano. Kwa ndege wa namna hiyo, kifo cha ndege wakomavu wachache kila mwaka katika eneo moja kinatosha kuifanya idadi yao ishuke bila kupanda tena. Kwa hiyo ripoti inayosema "ndege 200 walikufa" haijaniambia kitu mpaka iniambie ni ndege gani.

Tena tumbusi ana udhaifu ambao watu wengi hawautarajii kwa ndege mwenye macho makali kiasi kile. Mwaka 2012 watafiti waliopima upeo wa macho ya tumbusi waligundua kwamba juu ya kichwa chake kuna sehemu kubwa asiyoiona. Anapoelea akiwa ameinamisha kichwa kutafuta mzoga chini, sehemu hiyo isiyoona ndiyo inayoelekea anakokwenda. Yaani anaruka mbele bila kuona mbele. Kwa maelfu ya miaka halikuwa tatizo, kwa sababu kwenye kimo kile hakukuwa na kitu cha kugonga.

Na tumbusi wa Afrika wameshaumizwa kabla ya upepo kufika. Mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe, wote wawili wakiwa ni ndege wa mbuga zetu, waliingizwa kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, baada ya kupungua kwa asilimia 90 na zaidi katika vizazi vitatu. Muuaji mkuu si mtambo. Uchambuzi wa vifo zaidi ya 7,000 vya tumbusi barani Afrika ulionyesha kwamba asilimia 61 walikufa kwa sumu, asilimia 29 waliuawa kwa ajili ya biashara ya dawa za jadi, na asilimia 9 kwa miundombinu ya umeme. Sumu hiyo mara nyingi huwekwa kwenye mzoga wa ng'ombe na mfugaji aliyechoshwa na simba, au na jangili asiyetaka tumbusi wazunguke angani na kumwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Anayetaka kuwalinda tumbusi na akapigana na mitambo ya upepo pekee, anaiacha sumu iendelee na kazi yake. Lakini jeraha la zamani halihalalishi jipya. Kwa ndege waliobaki wachache, kila anayekufa ana uzito zaidi kuliko zamani.

Mtu wa Upanga anaweza kuuliza tumbusi anamhusu nini. Wazee wengi wa mtaa huu wana jamaa nchini India, na India ina jibu. Miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diklofenaki. Aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikaongezeka pamoja nao. Ndege aliyekuwa akifanya kazi ya usafi bila mshahara alipoondoka, gharama ilihamia hospitalini.

Popo wanasahaulika zaidi, ingawa sisi ndio tunaowaona kila jioni wakitoka kwenye miti ya mji huu kwenda kutafuta matunda. Popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, anayeishi pia katika miti ya Dar es Salaam, ni msafiri wa bara zima. Jamaa zake hukusanyika kwa mamilioni kwenye msitu mdogo wa Kasanka nchini Zambia kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba. Ni miongoni mwa wasambazaji wakuu wa mbegu za mvule. Naye huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Sehemu nyingi duniani mitambo ya upepo huua popo wengi kuliko ndege, na hufanya hivyo hasa usiku wenye upepo hafifu.

Habari njema ni kwamba usiku wenye upepo hafifu ndio ambao mtambo hauzalishi kitu cha maana. Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 2008 na 2009, walijaribu jambo rahisi: mitambo isianze kuzunguka kwa nguvu mpaka upepo ufikie kasi kubwa zaidi ya ile iliyozoeleka. Vifo vya popo vilishuka kwa kati ya asilimia 44 na 93, na umeme uliopotea haukuzidi asilimia 1 ya uzalishaji wa mwaka. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Ni mpangilio wa kompyuta tu. Sioni sababu hata moja ya kampuni yoyote itakayojenga Tanzania kutolazimishwa kufanya hivi tangu usiku wa kwanza.

Kwa ndege wakubwa dawa inafanana. Katika mkoa wa Cádiz, kusini mwa Uhispania, tumbusi huvuka kwa makundi kuelekea Afrika. Huko waliweka watazamaji ambao kazi yao ni kuangalia anga na kuamuru mtambo uzimwe kundi linapokaribia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012: vifo vya tumbusi vilipungua kwa nusu, na umeme uliopotea ulikuwa asilimia 0.07. Ukiigeuza kuwa muda, ni kama saa 6 katika mwaka mzima. Kariakoo ilizima saa nyingi zaidi ya hizo ndani ya wiki moja ya mgao. Misri nayo inafanya hivyo Gabal el Zayt, kwenye Ghuba ya Suez, ambako mitambo husimamishwa korongo na tai wanapopita. Baadhi ya korongo weupe wanaopitia Suez ndio haohao tunaowaona baadaye kwenye nyasi za Serengeti. Mtambo uliozimwa Misri umetulindia ndege wetu, na sisi tunadaiwa vivyo hivyo.

Lakini mfano wa karibu zaidi, na ambao naona unatufaa kuliko yote, uko ng'ambo ya Namanga. Shamba la Kipeto, kaunti ya Kajiado, lina mitambo 60 na megawati 100, na lilianza kazi ya kibiashara mwaka 2021. Si mbali nalo kuna majabali ya Kwenia, mojawapo ya mahali muhimu ambapo tumbusi wa Rüppell huzalia kusini mwa Kenya. Mradi ulikuwa mahali pa kutia wasiwasi, na watu wa ndege, wakiwemo Nature Kenya na The Peregrine Fund, walisema hivyo bila kuficha. Kilichofuata ni majadiliano marefu, na mpango ambao wakopeshaji waliufanya kuwa sharti. Vijana kutoka jamii ya Wamaasai ya hapohapo walifundishwa kutambua ndege kwa umbo na namna ya kuruka, wakapewa darubini na redio. Akitokea tumbusi anayeelekea kwenye mapanga, mtambo husika husimamishwa. Mfugo ukifia ndani ya eneo la mitambo, mzoga huondolewa haraka usiwavute tumbusi. Na mradi ukaenda mbali zaidi ya uzio wake: ukasaidia wafugaji kujenga maboma ambayo simba na fisi hawapenyi, ili sababu ya kuweka sumu ipungue.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa ya busara kuliko zote. Hata mtambo unaosimamiwa vizuri utaua tumbusi mmoja mmoja. Ikiwa fedha zake zinazuia sumu inayoua makumi kwa mkupuo, basi tumbusi wanaweza kufaidika kwa kuwepo kwake. Kwa sharti moja: hesabu ifanyike kweli, na iwekwe mahali ambapo mtu asiyelipwa na kampuni anaweza kuikagua.

Kenya ina mifano mingine ambayo si ya kuiga. Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilianza kupeleka umeme mwaka 2018 kwa njia ya zaidi ya kilomita 430 hadi Suswa, na ni mafanikio makubwa ya umeme. Lakini Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kinangop, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wananchi kuupinga hadi damu ikamwagika. Nyasi za Kinangop ndizo makazi ya ndege mdogo wa manjano ambaye haishi popote duniani nje ya Kenya, na wahifadhi walikuwa na hofu naye, ila kilichouangusha mradi ni ugomvi wa ardhi na fidia. Anayewadharau wakulima kwa kawaida huwa amewadharau ndege pia, kwa kuwa wote wawili hugunduliwa kwa njia moja: kwenda, kukaa na kusikiliza kabla ya kuchimba msingi.

Kuna upande ambao miradi ya upepo haipendi uhesabiwe kuwa wake, nao ni nyaya. Mtambo hauna maana bila njia ya kusafirisha umeme. Karibu na Port Sudan, njia fupi ya umeme iliyojengwa miaka ya 1950 iliwaua tumbusi wa Misri kwa nusu karne. Watafiti walipoikagua mwaka 2010 walikuta mizoga, na makadirio yao ni kwamba njia hiyo moja iliua mamia, pengine maelfu. Ilizimwa mwaka 2014 na nafasi yake kuchukuliwa na njia salama. Kosa lilikuwa la muundo: nguzo ambayo ndege mkubwa akitua na kutanua mabawa anagusa vitu viwili visivyopaswa kuguswa kwa pamoja.

Singida tayari ni njia panda ya nyaya. Ndipo inapoanzia njia ya kilovolti 400 inayopita Arusha hadi Namanga, zaidi ya kilomita 400, kisha Isinya huko Kajiado, kuunganisha gridi yetu na ya Kenya. Na pembeni mwa mji wa Singida kuna maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, yanayotambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, ambako heroe hutua kwa makundi maji yakiwa yanawafaa. Heroe wadogo wa dunia, takriban robo tatu yao, huzaliwa Ziwa Natron. Huhama kutoka ziwa hadi ziwa, na huhama hasa usiku, wakati waya hauonekani. Vipo vifaa vya kuning'iniza kwenye nyaya ili ndege wazione, na vinapunguza ajali kwa takriban nusu. Kuvifunga wakati nyaya zinavutwa ni nafuu. Kuvifunga baadaye, umeme ukiwa unapita, ni kazi ya gharama ambayo kila mara itaahirishwa.

Makambako nako kuna swali lake. Nyanda za juu za kusini, hadi Kitulo, ni nchi ya nyasi zinazotegemewa na tandawala na mbayuwayu wa bluu, ndege adimu anayehama kati ya nyanda hizi na nchi za kaskazini yake. Nyasi zenye upepo mwingi hupendwa na ndege hawa na wahandisi pia.

Tanzania haina haja ya kwenda ng'ambo kujifunza kinachotokea hesabu ikichelewa. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa tayari umeanza. Aliishi mahali pamoja duniani, kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura takriban 500 walipelekwa Bronx, New York, kulelewa. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji bondeni. Ugonjwa wa ukungu ukaingia. Na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Alirudishwa kwa ndege mwaka 2010 na kulelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha tangu 2012 akaanza kurejeshwa Kihansi. Wapo wanaokumbuka suala hilo kama fedha zilizopotezwa kwa ajili ya chura. Mimi nalikumbuka kama bei ya kutotuma watu bondeni miaka miwili kabla ya katapila. Wangetumwa mapema, mgao wa maji kati ya mitambo na maporomoko ungepangwa kwenye karatasi, kwa penseli.

Upepo unastahili nafasi yake, na wakazi wa bonde la Jangwani wanaojaziwa maji majumbani kila masika wana haki ya kudai nishati isiyoongeza joto la dunia. Joto hilohilo linawaumiza ndege pia. Tena tuna bahati ambayo Marekani haikuwa nayo ilipopanda maelfu ya mitambo kwenye njia za tai huko Altamont, California, ikaja kuhangaika baadaye kuihamisha. Sisi tuna mitambo michache tu. Karibu kila uamuzi bado uko mbele yetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) nguvu ya kudai tathmini ya athari kwa mazingira na kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Nguvu hiyo itumike hivi: hakuna cheti kwa shamba kubwa la upepo bila hesabu ya ndege na popo ya angalau miaka miwili, usiku na mchana, masika na kiangazi, iliyofanywa na watu wanaojua kazi hiyo, tathmini ya nyaya iwe ndani ya tathmini ya mitambo, na hesabu ya mizoga ichapishwe kila mwaka, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwalimu wa Singida na mwanafunzi wa Upanga wote wanaweza kuisoma. Wewe unayesoma haya ukiwa na feni inazunguka juu ya kichwa chako, siku NEMC itakapotangaza kupokea maoni kuhusu shamba la upepo Singida au Makambako, andika. Uliza ni ndege gani waliohesabiwa, nani aliwahesabu, na kwa muda gani. Kama jibu halimo kwenye ripoti, sema mradi usubiri mpaka liwemo.